Kiwango cha Taifa cha Mabega

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, mabega ya Bi Mize yalikuwa sentimita nne juu ya kiwango cha taifa. Niliyapima mwenyewe, mara mbili, kwa utepe wa fundi cherehani, kwa kuwa kipimo rasmi kilichoagizwa ng'ambo kilikuwa bado kimekwama bandarini.

Kwa msomaji asiyeijua nchi hii, ambayo sitaitaja jina maana hubadilishwa kila baada ya uchaguzi na sitaki kuonekana nimeegemea upande, kiwango cha taifa cha mabega ni umbali unaotakiwa kuwapo kati ya ndewe ya sikio na bega la raia mtulivu. Bega likipanda, raia ana jambo. Likishuka, hana. Ni elimu rahisi, na nilikwenda ng'ambo miaka kadhaa kuisomea. Tasnifu yangu ilihusu pembe ya shingo ya mtu aliye kwenye foleni. Ilisifiwa na wote walioisoma, yaani msimamizi wangu na mimi.

Nilikuwa Mpimaji Mkuu wa Wizara ya Utulivu wa Miili. Hapakuwa na mpimaji mwingine, lakini cheo ni cheo.

*

Mtaa wa Mabati Mapya ulibomolewa mwanzoni mwa masika. Matingatinga yalikuja alfajiri, yakamaliza soko kabla ya chai na nyumba kabla ya chakula cha mchana. Wakazi walisogea, isipokuwa fundi baiskeli mmoja aitwaye Shaweji, mwana wa Bi Mize, aliyesimama mbele ya tingatinga na kuuliza amri imetoka wapi. Swali hilo halikuwa na jibu, kwa hiyo akapelekwa Kituo cha Polisi cha Daraja Mbili kwa kosa la kuutolea mtambo wa serikali lugha ya kuudhi. Kesi haisikilizwi bila shahidi mkuu, na tingatinga lilikuwa halijatoa maelezo yake. Ndiyo maana Shaweji alikuwa bado ndani.

Wakazi walilalamika. Serikali, kwa kuwa ni sikivu, iliunda Tume. Tume ilizunguka mtaa mzima, kazi nyepesi kwani mtaa haukuwapo, ikagundua kwamba dhulma haikai kwenye ardhi wala kwenye nyumba. Dhulma inakaa mwilini: kifuani, kwenye taya, na hasa mabegani. Ugunduzi huu ulipokelewa kwa faraja kubwa, maana ardhi ilikwisha gawiwa, lakini miili ilikuwa bado ipo.

"Serikali haiwezi kumrudishia kila mtu paa lake," alisema Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Ludovick Mbwambilo, siku ya kuzindua Mpango wa Taifa wa Uponyaji wa Miili na Haki za Jamii. "Lakini inaweza kumrudishia kila mtu pumzi yake. Paa huvuja. Je, nani kati yenu amewahi kuona pumzi inavuja?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa kiasi, kwa sababu za kitaaluma.

Mpango ulikuwa na kanuni tatu, nazo zililetwa na wageni kutoka nchi zinazofadhili pumzi zetu. Ya kwanza: mwili hausahau. Ya pili: mtu asiulizwe ana nini, bali aulizwe amefanywa nini. Ya tatu ilikuja katika maneno ya kigeni yenye ukungu, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuiweka katika Kiswahili safi. Nilishinda nayo siku nzima. Ikatoka hivi: "Mwili wa mtu usisogezwe popote, na yeyote, bila ridhaa ya mwenye mwili." Sikuacha mwanya hata mmoja. Waziri aliipenda mno, akaamuru ichapwe kwenye mabango, fulana na vikombe vya chai.

Vilevile, viti vilipokosekana, ni mimi niliyeshauri kila mwananchi aje na mkeka wake. Nilipewa cheti.

*

Zoezi la kwanza lilifanyika Jumanne hiyo, palepale Mabati Mapya, kwa sababu ndipo palipokuwa na uwanja mpana kuliko kote mjini. Jumamosi ile Waziri angeweka hapo jiwe la msingi la Bustani ya Utulivu, mbele ya wageni, na wageni walitaka kuona mabega yameshuka.

Mwezeshaji wetu wa Pumzi aliitwa Anjelista. Alikuwa na sauti laini na kipaza sauti kikali.

"Fumbeni macho," alisema. "Sikieni jinsi ardhi inavyowabeba."

"Ardhi ipi?" aliuliza Mzee Ngwali, aliyekuwa kinyozi sokoni siku zile soko lipo. "Hii mliyotunyang'anya?"

"Hiyo hiyo, baba. Iachie uzito wako wote."

"Niwaachie na uzito? Si mtaugawa nao?"

Watu walicheka. Kicheko hakikuwa kwenye ratiba, nikakihesabu kuwa pumzi za kutoa.

"Sasa tutetemeke," alisema Anjelista. "Mikono, miguu, tumbo. Tutetemeke kwa hiari."

"Mbona siku ya tingatinga tulitetemeka bila kuombwa, mwanangu?" alisema mama mmoja wa nyuma.

"Ndiyo, mama. Ila hamkumaliza."

Wakatetemeka. Ilikuwa ni kutetemeka kwa adabu, kama watu wanaojaribu kitanda dukani. Kisha Anjelista akapita na kipaza sauti, akaanzia kwa Bi Mize, aliyeketi mbele kabisa juu ya mkeka wa ukili wenye mistari ya zambarau.

"Mama, hatukuulizi una nini. Tunakuuliza umefanywa nini."

"Mwanangu yuko Daraja Mbili," alisema Bi Mize. "Nikimpelekea chakula, wanapokea bakuli. Kumwona hawataki. Bakuli linarudi limeoshwa, na Shaweji tangu azaliwe hajaosha bakuli."

"Nimekusikia, mama. Na hilo jambo unalisikia wapi mwilini?"

"Nalisikia Daraja Mbili."

Anjelista alinitazama. Nilipima tena. Sentimita nne na nusu.

Zoezi likaisha. Muziki wa filimbi ukazimwa, mabango yakakunjwa, dereva akawasha gari. Hakuna aliyesimama. Nilidhani ni utulivu, nikaandika "mafanikio makubwa". Dereva alipozima gari tena, nikafuta "makubwa". Nikamwendea Bi Mize.

"Mama, zoezi limekwisha."

"Lenu limekwisha. Mkeka haujaanuliwa."

"Nani anauanua?"

Alinitazama kwa huruma. "Kwani kwenu mtu akipatwa na jambo mnakaa wapi?"

"Kwenye viti."

"Maskini," alisema, na Mzee Ngwali akatikisa kichwa kunipa pole. "Sikiliza basi. Huku kwetu mkeka ukishatandikwa nje kwa ajili ya jambo, hauanuliwi mpaka anayelijua jambo aje, avue viatu, akae, aseme lilivyokuwa. Lote. Akimaliza, mwenye mkeka anakunja pembe, watu wanakwenda kupika."

"Na asipokuja?"

"Tunakaa."

"Mpaka lini?"

"Wewe ndiye mwenye kipimo," alisema Bi Mize.

Hapo, kwa mara ya kwanza, nilielewa nilichokuwa nimeomba. Nilikuwa nimeutaka mtaa mzima ulete mikeka, uitandike juu ya ardhi inayogombewa, na uiweke pale kwa ajili ya jambo. Kisha nikauandikia kanuni kwamba hakuna wa kuuondoa. Mtu mwenye elimu ndogo kuliko yangu asingeweza kulikoroga vizuri hivyo.

*

Alhamisi Waziri aliitisha kikao cha dharura. Mikeka ilikuwa imeongezeka. Watu walipika palepale, walisali palepale, na kila asubuhi Anjelista aliendelea kuwavutisha pumzi, kwani mkataba wake ulikuwa haujaisha.

"Waondolewe," alisema Waziri.

Mkaguzi Kitundu, mkuu wa Kituo cha Daraja Mbili, mtu mnene na mpole wa sauti, alikohoa. "Mheshimiwa, vijana wangu walikwenda jana. Wale wazee wakanyanyua vikombe vya chai. Vimeandikwa, Mheshimiwa. Kuna na saini yako."

"Nani aliandika kanuni ya tatu?"

Wajumbe wote waliangalia bakuli la sukari. Mimi pia niliangalia, nikitumaini kwamba mwandishi angejitokeza. Katibu Mkuu, ambaye hajawahi kunipenda, aliutwaa utepe wangu mezani akanipima mabega mbele ya kikao. Sentimita saba juu ya kiwango. Ilikuwa rekodi ya taifa. Nilitaka kupinga njia aliyotumia kupima, lakini sauti haikutoka, jambo ambalo kitaalamu ni dalili nyingine.

"Huyu mwanamke wa mbele," Waziri aliniambia, "ndiye mzizi. Akisimama yeye, wote watasimama. Bega lake lishuke kabla ya Jumamosi. Tumia sayansi."

Nilitumia sayansi. Nilirudi uwanjani, nikachuchumaa kando ya mkeka wenye mistari ya zambarau, nikamuuliza Bi Mize ni kitu gani kingelishusha bega lake.

"Shaweji," alisema.

"Na kama si Shaweji? Kuna zoezi la kukanda shingo. Kuna mafuta ya mkaratusi."

"Mwanangu, wewe umesoma?"

"Sana."

"Basi andika ninachokwambia."

Niliandika. Nilitumia karatasi ya Wizara ya kuagizia dawa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na nguvu ya kupita ofisi zote bila kuulizwa. *Mgonjwa: Bi Mize. Tatizo: bega. Dawa: Shaweji, mmoja, atolewe mara moja.* Nilijivunia ufupi wake. Waziri alisaini bila kusoma, kama asainivyo dawa zote, na Mkaguzi Kitundu akaipokea kwa mikono miwili. Aliisoma polepole, kisha akaisoma tena.

"Ni mmoja tu, siyo?" aliniuliza.

"Mmoja," nilimjibu. "Imeandikwa."

"Na zaidi ya mmoja hakuna kilichoandikwa?"

"Hakuna."

Aliikunja vizuri akaitia mfukoni. Niliona ni mtumishi makini.

*

Jumamosi mabango yalikunjuliwa, jiwe la msingi likafunikwa kitambaa cha bluu, na wageni wakakaa chini ya hema kwenye viti vilivyopatikana ghafla. Mbele yao kulikuwa na mikeka. Waziri, kwa busara, aliwaambia wageni kwamba mikeka ni sehemu ya bustani.

"Mimi mwenyewe," alisema kwenye kipaza sauti, "niliwahi kuwa na mabega. Nilikuwa nayo jeshini, nilikuwa nayo chuo kikuu. Leo, kwa mazoezi haya, sina. Nitazameni!"

Tulimtazama. Kwa kuwa alikuwa hana shingo, upimaji usingewezekana.

"Na leo," aliendelea, "kwa huruma ya Serikali, mama huyu anapewa dawa yake."

Gari la Daraja Mbili likaingia. Mkaguzi Kitundu alishuka mbele, akafungua mlango wa nyuma, na Shaweji akatoka. Alikuwa amekonda. Alisimama akikodoa macho kwenye jua, kisha akauona mkeka wa mamaye akaja moja kwa moja. Nililiona kabla hajafika, maana hiyo ndiyo kazi yangu: bega la kulia lilikuwa mahali pake, la kushoto lilikuwa chini sana, na mkono wake ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa.

Bi Mize hakusimama. Alimwacha akae, akamshika uso, akamnusa utosini kama mtoto mchanga. Kisha mkono wake ukashuka kuelekea bega la kushoto.

"Hilo usiliguse, mama," alisema Shaweji. "Hilo lina mambo yake."

"Tangu lini?"

"Mama, nimekuja. Tule kwanza. Umepika nini?"

Waziri, aliyekuwa na macho makali kwa mambo ya mafanikio, alikuwa ameshaliona. "Waheshimiwa wageni!" alipaza sauti. "Tulitarajia bega la mama, na tazameni, hata la mwana limeshuka! Mpimaji Mkuu, njoo utupe takwimu!"

Nilikwenda. Nilipima kutoka kwenye ndewe hadi begani. Utepe uliupita mstari wa kiwango cha taifa, ukaendelea kushuka. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuona kipimo cha namna hiyo. Bega hilo lilikuwa tulivu kuliko raia yeyote wa nchi hii. Nilisoma namba kwenye kipaza sauti, na chini ya hema wageni wakapiga makofi. Mmoja wao alijifuta machozi.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimepima, nilikuwa nimesema, na vyote vilikuwa kweli.

"Wewe mwenye utepe," alisema Bi Mize. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. "Mlinifundisha swali. Hatuulizi ana nini. Bega hili limefanywa nini?"

"Mama, kipimo ni..."

"Sikuulizi kipimo."

Nilitazama bega. Nilijua jina la kila mfupa uliokuwa pale, na nilijua ni upi ambao haukuwa pale ulipopaswa kuwa.

"Halijashuka," nilisema. "Limeteguka. Halikutibiwa. Ni la siku nyingi."

"Kitaalamu," alidakia Waziri, "kuteguka ni aina ya kushuka!"

Mkalimani wa wageni alikwama. Mgeni wa machozi alimuuliza jambo, naye akaonyesha kidole angani, kama mtu anayetafuta neno.

"Anayejua limetegukaje," alisema Bi Mize, "mkeka huu hapa."

Mzee Ngwali alisogea kidogo, akaacha nafasi. Nafasi ile ilikuwa mbele yangu, na watu walianza kunitazama kana kwamba ni yangu. Nilitaka kueleza kwamba sikuwahi hata kufika Daraja Mbili. Lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nakijua, na desturi ya pale haikuuliza kikubwa au kidogo. Nikavua viatu. Soksi yangu ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na wageni walikuwa na kamera.

Sikujua kukaa mkekani. Nilijaribu kukunja miguu, goti likalia, nikaishia kukaa ubavu kama gunia.

"Sema," alisema Bi Mize.

"Mimi ndiye niliyeandika dawa," nilisema. "Niliandika 'Shaweji, mmoja'. Sikuandika 'mzima'. Mkaguzi aliniuliza kama kuna kingine kilichoandikwa. Nilimwambia hakuna. Nilifikiri ananisifu."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, kisha akakinyamazisha. Shaweji alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo ningeweza kuletwa nusu," alisema, "na karatasi ingekuwa sawa?"

"Nusu, hapana. Ungekuwa si mmoja."

"Basi nashukuru kwa hesabu."

Bi Mize alivua mtandio wake, akaufunga shingoni mwa mwanawe, akauweka mkono ule ndani yake taratibu, huku Shaweji akiuma meno. Kisha akanigeukia.

"Hiyo yako imesemwa," alisema. "Ni ndogo, lakini imesemwa. Kubwa iko kwa nani?"

Shaweji hakunyoosha kidole. Aliinua macho tu, akayapeleka kwenye lile gari, na hapo yakatulia. Kando ya mlango uliokuwa bado wazi alisimama Mkaguzi Kitundu, kofia mkononi.

Anjelista, ambaye sijui kama alikuwa amesikia lolote au ilikuwa mazoea tu, alisogeza kipaza sauti chake mdomoni.

"Aliye tayari na asogee," alisema kwa ile sauti laini. "Tunavuta pumzi. Hatumlazimishi mtu."

Mkaguzi alivuta pumzi. Niliiona, ilimpandisha mabega yote mawili. Kisha akatembea hadi ukingo wa mkeka akasimama.

"Afande!" aliita Waziri. "Rudi kwenye gari! Hiyo ni amri! Mwondoeni hapo!"

Vijana wawili wa Daraja Mbili walipiga hatua.

"Mheshimiwa," alisema Mkaguzi bila kugeuka, "kanuni ya tatu."

Vijana wakasimama. Wageni, wakidhani zoezi limefika kileleni, walipiga makofi, na baadhi yao wakafumba macho. Waziri alikivuta kitambaa cha bluu, jiwe la msingi likabaki wazi, na hakuna aliyelitazama.

Mkaguzi Kitundu aliinama kwa shida, kwa sababu ya tumbo. Alifungua kamba za buti la kulia. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Saa kumi na moja kasorobo jioni, buti la kulia lilikuwa limevuliwa na kuwekwa kando ya mkeka. La kushoto lilikuwa bado limefungwa.